Imeshikwa na Nini? Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Zohali

Mapema mwaka 2025 ujumbe mmoja ulizunguka sana WhatsApp, na mpaka sasa wapo wanaonitumia: sayari ya Zohali inapoteza pete zake, mwaka huu ndio mwisho. Waliosoma kichwa cha habari peke yake waliamini pete zinavunjika. Waliosoma mpaka ndani walichanganyikiwa zaidi, maana humo habari mbili tofauti zilikuwa zimeshonwa pamoja, zote za kweli, ila moja ni ya miezi michache na nyingine ni ya mamilioni ya miaka. Kila ninapotoa darubini nje jioni, hapa Tanga, hilo ndilo swali linalotangulia. Nami nalipenda, kwa sababu ndilo lililomsumbua Galileo Galilei mwaka 1612, na yeye hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nianze na habari ya miezi michache. Zohali imeinama kwa nyuzi 26.7, na pete zake zimelala sawasawa na ikweta yake. Huchukua miaka 29 na ushei kulizunguka Jua, na katika mwendo huo sisi tulio huku huziona pete kwa upande wa juu, kisha ubavuni, kisha kwa upande wa chini, kisha ubavuni tena. Tarehe 23 Machi 2025 Dunia ilipita kwenye usawa wa pete. Siku hizo Zohali ilikuwa karibu mno na Jua angani, kwa hiyo hapakuwa na la kuona. Lakini mwezi wa Novemba pete zilikaribia tena kutulalia ubavu, na kwenye darubini yangu lilibaki duara la manjano lenye mstari mwembamba uliotokeza kila upande. Watoto waliokuwa wameona picha vitabuni walidhani nimekosea sayari.

Inakuwaje kitu kikubwa vile kipotee kwa kugeuka tu? Ni wembamba wake. Pete kuu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, zina upana wa kilomita kama 273,000, ambao ni zaidi ya nusu ya umbali kati yetu na Mwezi. Unene wake sehemu nyingi ni mita kama 10 tu. Chukua karatasi ya daftari, uipanue mpaka ifike kilomita mbili na nusu kutoka ukingo hadi ukingo, bila kuiongeza unene hata chembe: huo ndio uwiano wa pete za Zohali. Ukiitazama kwa ubavu, hata darubini kubwa hupata shida.

Galileo hakuyajua hayo. Julai 1610 aliielekeza Zohali darubini yake, iliyokuza kwa mara 20 hivi, akaona nyota kubwa katikati na mbili ndogo zimeiganda kulia na kushoto. Akaamini ni sayari ya viungo vitatu. Hofu yake ilikuwa mwingine asije akamtangulia, basi akatuma ugunduzi wake ukiwa umefichwa ndani ya herufi zilizovurugwa. Miaka miwili baadaye akatazama tena na zile mbili hazipo. Katika barua ya Desemba 1612 aliuliza kama Zohali imewameza watoto wake, akikumbusha hadithi ya Warumi ya mungu wao Saturnus aliyekula wanawe. Hakuwa akicheza. Aliogopa kwamba lenzi zake zilikuwa zimemdanganya muda wote ule, na kwamba wote aliowaonyesha walidanganyika pamoja naye. Alikisia kuwa zile mbili zitarudi, na kweli zilirudi, ila mpaka anakufa mwaka 1642 hakuelewa ni nini alichokiona.

Aliyeelewa ni Mholanzi, Christiaan Huygens. Alikuwa na darubini bora zaidi, na mwaka 1655 aliigundua Titani, mwezi mkubwa wa Zohali. Mwaka 1659 akachapisha maelezo yake: sayari imezungukwa na pete nyembamba, bapa, isiyoigusa popote, nayo imeinama. Kwa maneno hayo machache kila mchoro wa ajabu uliochorwa tangu Galileo ukapata maana, na ule wa pete kutoweka pia.

Isiyoigusa popote. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo kwangu ni bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Aliyeuliza ni jirani, bibi wa makamo aliyekuja kumchukua mjukuu wake akalale. Nilimwamkia, nikampisha, akainama penye darubini, na alitazama muda mrefu kuliko watoto wote.

“Mwanangu, ile pete imeshikwa na nini?”

“Haijashikwa, bibi. Kila kipande chake kinaanguka.”

“Kinaanguka? Mbona hakifiki chini?”

Katika maneno matatu ya bibi yule zimo karne mbili za hisabati. Hakifiki kwa sababu huku kinaanguka, huku kinakwenda pembeni kwa kasi kubwa, kati ya kilomita 17 na 22 kwa sekunde, hivyo kila kinapoanguka kidogo sayari imeshajipinda chini yake. Ndivyo Mwezi wetu unavyokaa juu, na setilaiti nazo hivyohivyo. Lakini jibu hili linafaa kwa vipande. Je, pete ikiwa ni kitu kimoja kigumu? Kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani hivyo. Miaka ya 1780 Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa alionyesha kwamba bamba moja pana lisingedumu, maana sehemu ya ndani inataka kwenda haraka na ya nje polepole, na bamba lingechanika. Yeye akapendekeza pete nyingi ngumu, nyembamba, moja ndani ya nyingine.

Kisha akaja James Clerk Maxwell. Chuo Kikuu cha Cambridge kilitoa swali la Tuzo ya Adams: pete za Zohali ni ngumu, ni majimaji, au ni vipande vilivyotengana? Maxwell alikuwa na miaka 25, akifundisha Aberdeen, Scotland. Hakuwa na darubini mpya wala picha mpya. Alikaa na karatasi, akathibitisha kwamba pete ngumu, hata ikiwa nyembamba, ikisukumwa kidogo tu huyumba, huzidi kuyumba, na mwisho huigonga sayari; isipokuwa karibu uzito wake wote uwe umerundikana mahali pamoja, na rundo la namna hiyo lingeonekana. Ya majimaji nayo ingekatikakatika. Kilichobaki ni vipande, vingi visivyohesabika, kila kimoja na njia yake. Alishinda tuzo mwaka 1857. Natamani kila mwanafunzi wa sekondari asimuliwe kisa hiki kabla ya kukaririshwa majina ya sayari, kwa sababu kinamwonyesha kuwa unaweza kujua kitu kilicho mbali zaidi ya kilomita bilioni moja kwa kufikiri vizuri, kisha ukasubiri miaka 38 ushahidi uje.

Ushahidi ulikuja mwaka 1895. James Keeler, kwenye kituo cha Allegheny huko Pennsylvania, aliuchambua mwanga wa pete katika rangi zake. Mwanga wa kitu kinachokuja kwetu husogea kidogo upande wa buluu, wa kinachokwenda husogea upande wa nyekundu, na kiasi cha kusogea ndicho kipimo cha mwendo. Alikuta sehemu ya ndani ya pete inakwenda haraka kuliko ya nje. Kitu kigumu kinachozunguka hufanya kinyume, ukingo wa nje ndio unaokimbia. Kwa hesabu za sasa, vipande vya ndani kabisa vya pete kuu humaliza mzunguko kwa saa 6 hivi, na vya nje kwa zaidi ya saa 14.

Kwa hiyo, kwa wale wanaouliza kama mtu anaweza kusimama juu ya pete: hapana, hakuna sakafu. Ni umati wa vipande vya barafu ya maji, karibu safi kabisa, vingine vidogo mithili ya vumbi na vingine vikubwa sawa na nyumba. Vinagusana kwa upole, kwa sababu jirani wote wanakwenda kwa mwendo unaokaribiana, na kule kugusana ndiko kunakoufanya umati ubaki bapa: kila kipande kinachopanda juu au kushuka chini ya wenzake hugongwa mpaka kirudi kwenye usawa. Mbona basi visiungane viwe mwezi? Mfaransa mwingine, Édouard Roche, alilieleza hilo katikati ya karne ya 19. Ukiwa karibu mno na sayari, mvutano wake kwa upande wako wa karibu unazidi ule wa upande wako wa mbali kiasi cha kukutenganisha. Pete kuu ziko ndani ya mpaka huo, na miezi mikubwa yote iko nje yake.

Mapengo yaliyomo katikati ya pete yana maelezo marefu, nami nitataja moja tu. Lile pana, aliloliona Giovanni Domenico Cassini mwaka 1675, linaanzia pale ambapo kipande cha barafu kingezunguka mara mbili kamili kila mwezi uitwao Mimas unapozunguka mara moja. Kinavutwa na Mimas mahali palepale kila mara, na mivuto hiyo midogo ikijumlishana, njia yake inaharibika.

Watu wazima wa pwani wakati mwingine huniuliza kwa sauti ya chini kama Zohali si nyota ya nuksi. Swali lina asili yake. Katika unajimu uliotufikia kupitia vitabu vya Kiarabu, Zohali ndiyo nuksi kubwa na Mirihi nuksi ndogo. Mimi siamini kwamba barafu na gesi zilizo mbali kiasi hicho zina shughuli na ndoa ya mtu. Lakini siwabezi wale wazee wa nyota, kwa kuwa walikuwa pia wapimaji. Bila darubini walijua Zohali ndiyo ya polepole kuliko sayari zote zinazoonekana kwa macho, wakahitimisha kuwa ndiyo ya mbali zaidi, na wakapatia.

Sayari yenyewe haina ardhi. Ni hidrojeni na heliamu, mawingu juu, na kadiri unavyoshuka shinikizo na joto vinazidi mpaka gesi inakuwa majimaji, bila mahali pa kusema hapa ndipo pa kutia mguu. Upana wake ni mara tisa wa Dunia, uzito wake mara 95, na bado kwa wastani ni nyepesi kuliko maji. Kutoka hapo watu wamezoea kusema ingeelea baharini. Sentensi hiyo siipendi: bahari ya kuibeba haipo, na gesi haielei ikabaki umbo lake. Inatosha kusema kwamba lita moja ya Zohali, kwa wastani, ina uzito wa gramu kama 690.

Sayari isiyo na ardhi inaleta taabu nyingine: siku yake ina saa ngapi? Mawingu ya ikweta yana mwendo wake na ya juu kaskazini yana wake. Kwa sayari nyingine kubwa wataalamu hufuata usumaku, ambao umeinama na huyumba kila sayari inapozunguka. Lakini usumaku wa Zohali umenyooka karibu kabisa na mhimili wake, hauyumbi. Jibu lilitoka kwenye pete. Tumbo la Zohali linatikisika, mtikisiko huo unaubadilisha kidogo mvutano wake, na mvutano unaacha mawimbi madogo kwenye pete za ndani. Wakayasoma mawimbi hayo, na mwaka 2019 wakatangaza: saa 10, dakika 33 na sekunde 38. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo siku nzima. Kitu tulichokidhani pambo ndicho kilichokuwa kikitunza saa ya sayari.

Sasa ile habari ya mamilioni ya miaka. Pete zina umri gani, na zitaisha lini? Ili ujue umri ulihitaji uzito. Barafu ikikaa angani hunyeshewa vumbi la vimondo na kuchakaa. Ukijua barafu ni kiasi gani, imechafuka kiasi gani, na vumbi linakuja kwa kasi gani, unapiga hesabu. Chombo Cassini, kilichorushwa Oktoba 1997 na kufika Zohali katikati ya mwaka 2004, kilipata nafasi ya kuzipima pete mwishoni mwa maisha yake. Kuanzia Aprili 2017 kilipita mara 22 kwenye uwazi ulio kati ya pete na sayari, mahali ambapo hakuna chombo kilichowahi kupita. Uzito uliopatikana ni mdogo kuliko wengi walivyotarajia, kama asilimia 40 ya uzito wa Mimas, na hesabu ikatoa umri wa kati ya miaka milioni 10 na 100.

Hebu upime maana yake. Mijusi mikubwa iliyochimbuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ile ambayo mifupa yake imesimama makumbusho ya Berlin mpaka leo, iliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Kama hesabu ya Cassini ni sahihi, basi wanyama wale walitembea Lindi chini ya Zohali isiyo na pete.

Kama ni sahihi. Desemba 2024 watafiti wakiongozwa na Ryuki Hyodo wa Japani walionyesha kwamba vumbi linalozigonga pete kwa kasi kubwa mno huenda linageuka mvuke na kutimka, lisigande kwenye barafu. Ikiwa hivyo, pete zinaweza kuwa na umri mkubwa sana na bado ziking'aa. Kwa upande wa pili, mwaka 2022 Jack Wisdom na wenzake wa Marekani walipendekeza kuwa Zohali ilikuwa na mwezi mmoja zaidi, waliouita Chrysalis, ukasogea karibu mno miaka milioni 160 iliyopita ukasambaratika. Mwezi huo ungeeleza pia kwa nini Zohali imeinama. Mimi navutiwa na wazo hilo kwa sababu linafungua mafundo mawili kwa mkono mmoja, lakini watoto wakiniuliza nawaambia bila kuzunguka: wataalamu bado wanabishana, na pengine atakayelimaliza ni mmoja wenu.

Kuhusu kuisha kuna uhakika zaidi. Barafu ya pete inanyesha ndani ya Zohali kidogokidogo, ikivutwa na mvutano na usumaku. Mwaka 2018 watafiti wa NASA walikadiria kwamba kwa mwendo huo pete zitaisha baada ya miaka milioni 300, na ukijumlisha na kile Cassini ilichokiona kikidondoka, labda chini ya milioni 100. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya ule ujumbe wa WhatsApp. Hakuna la kuharakisha.

Septemba 15, 2017, Cassini kilizamishwa makusudi ndani ya mawingu ya Zohali kikaungua. Mafuta yalikuwa yanakwisha, na kuna mwezi mdogo uitwao Enkelado, upana wake kilomita 504, ambao kusini mwake unarusha maji angani kutoka bahari iliyo chini ya barafu. Katika vipande vya barafu vinavyotoka humo zimepatikana chumvi, viambato vya kaboni, na kwa taarifa ya mwaka 2023, fosforasi. Wasingekubali chombo kilichobeba vijidudu vya Dunia kije kuangukia mahali hapo baadaye. Nakubaliana nao kabisa. Na kwa kuwa huwa naulizwa kama sisi tuna mkono katika haya: antena kubwa ya Cassini, ya mita 4, ilitolewa na wakala wa anga wa Italia, ambao ndio unaoendesha kituo cha anga cha Luigi Broglio karibu na Malindi. Uhusiano wenyewe ni mwembamba, lakini Malindi si mbali na Tanga, na mtoto anayeijua njia ya Malindi ana haki ya kujua nani yuko pale.

Miezi ya Zohali iliyothibitishwa ilifika 274 mwezi Machi 2025, mingi ikiwa mawe tu yaliyonaswa. Utakaouona wewe ni Titani, nukta inayosogea pembeni ya sayari usiku hadi usiku. Ndio wenye hewa nzito na maziwa ya methani, na ndiko kilikoteremka chombo Huygens Januari 14, 2005.

Wa kwetu wana bahati ambayo wa Ulaya hawana. Miaka hii Zohali iko karibu na ikweta ya anga, hivyo hapa hupita karibu na utosi, mahali ambapo unaitazama kupitia hewa chache na haichezi sana. Kipindi chake kizuri mwaka 2026 ni kuzunguka Oktoba 4, na mwaka 2027 kuzunguka Oktoba 18. Siku hizo huchomoza Jua linapozama na kufika juu kabisa karibu saa 6 usiku. Pete bado ni nyembamba, lakini zinafunguka kila mwaka, na zitakuwa pana kabisa kwetu mwaka 2032, safari hii upande wa kusini. Tazama wiki moja kabla ya tarehe hizo, kisha usiku wenyewe: usiku huo mng'ao wa pete huongezeka kuliko unavyoongezeka wa sayari, kwa sababu Jua likiwa moja kwa moja nyuma yetu, kila kipande cha barafu kinaficha kivuli chake chenyewe.

Darubini yenye lenzi ya mbele ya upana wa milimita 60 inatosha, ikikuza mara 30 na kuendelea. Achana na maboksi yanayojisifu mara 500. Angalia kwanza miguu yake: ikitikisika ukiigusa, usinunue.